Mkata Miwa na Mlango Alioombwa

Kabla sijaanza, nawaomba wale ndugu watatu wa benchi la nyuma wavue miwani ya jua. Humu ndani hakuna jua. Asanteni. Mungu aliwatambua tangu mlipoteremka kwenye lori juzi.

Karibuni nyumbani, wakata miwa. Miezi sita mmeniachia kanisa la kinamama na watoto, na besi ya kwaya imeimbwa na mzee wa kanisa peke yake mpaka sauti imemkauka. Leo naona mashati mapya. Nasikia na manukato. Shemasi alidhani kuna chupa imevunjika huko nyuma. Tunafurahi nanyi, hakuna anayewaonea wivu, au labda kidogo tu. Nina kisa kimoja, nakitaka kiingie masikioni mwenu kabla mashati hayajachafuka.

Palikuwa na mkata miwa mmoja. Tumwite Ndahani. Jina nimelibuni na kijiji chake kiko mbali, kwa hiyo kama humu yupo Ndahani, akae atulie, asianze kutoka jasho. Alikuwa na mke na binti mmoja mdogo aitwaye Lea, na mke tutamwita Mama Lea, kama majirani walivyomwita.

Ndahani alikuwa mchapakazi. Kila mwaka, mtama ukishaingia ghalani, mwezi wa sita, alipanda lori kwenda mashamba ya miwa. Mvua zikikaribia, mwezi wa kumi na mbili, alirudi. Hakuwa mlevi. Hakuwa na nyumba nyingine huko. Nawaambia haya mapema ili msije mkajificha nyuma ya makosa yake mkasema, mimi si kama yule. Huyu alikuwa mtu mzuri. Shida yake ilikuwa mlango.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, saruji chini. Lakini pale pa kuingilia palining'inia gunia. Gunia la mbolea, limepigiliwa misumari miwili. Siku ya harusi alimwambia mkewe, "Hili ni la muda tu." Lea akazaliwa, akatambaa, akajifunza kusimama kwa kushikilia gunia hilohilo.

Ndahani akiwepo, gunia halikuwa na neno. Mabega yake yalikuwa mapana, na alilala upande wa kuingilia. Nani angethubutu? Akishaondoka, ndipo Mama Lea alipolala na panga chini ya mto, na kila upepo ulipolitikisa gunia aliketi kitandani akasikiliza. Miezi sita. Hebu kinababa, mmewahi kulala hivyo wiki moja tu?

Basi siku ya kuondoka, mbele ya lori, Mama Lea akamwambia, "Baba Lea, mwaka huu usihangaike na kitu kingine. Niletee mlango."

"Mlango wa nini? Mwizi akiingia kwetu atachukua nini?"

"Si nipo mimi?"

Ndahani akacheka. "Mwizi akikuchukua wewe, atakurudisha kabla hakujapambazuka. Nani atauweza huo mdomo?"

Lori zima likaangua kicheko. Mama Lea naye akacheka, maana mbele za watu ungefanyaje? Lori likaondoka, gunia likabaki.

Mwezi wa kumi na mbili Ndahani akarudi na redio. Sisemi redio ya mfukoni. Ilikuwa redio ya mikono miwili, sawa na sanduku la mwanafunzi wa bweni, na ilikula betri kama ng'ombe anavyokula pumba. Kijiji kizima kilikuja kuisikiliza. Ndahani aliketi katikati, akigusa kitufe hiki na hiki, kama daktari. Msimu ulipofika akamwambia mkewe, "Redio hii nikiikuta na mkwaruzo tutaulizana." Akapanda lori.

Sasa fikirini. Nyumba haina mlango, ndani mna redio ambayo vijiji vitatu vinaijua. Mama Lea ataiachaje? Ikabidi aende nayo. Akienda kisimani, ndoo mkono mmoja, redio kichwani. Akienda mashineni kusaga, redio kwanza, unga baadaye. Wanawake wakaanza kumwita "Mtangazaji."

Siku moja kukawa na msiba kijiji cha pili. Mama Lea akaingia msibani na Lea mgongoni, redio kichwani. Vilio vikakoma. Mzee mmoja wa ukoo akamsogelea akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tunaushukuru moyo wako, ila mambo ya muziki tulikuwa tumeyafikiria siku ya arobaini." Mama Lea akaona haya, akaificha redio nyuma ya mafiga, akakaa na wenzake. Mwinjilisti akaanza sala. Watu wameinamisha vichwa, kimya kabisa, na Lea, ambaye alikuwa ameteremka mgongoni na kwenda kule nyuma, akabonyeza kitufe. Mtangazaji wa mpira akapiga kelele, "Gooooli!"

Mwinjilisti akasema amina kabla ya wakati wake.

Mwaka uliofuata Mama Lea hakutaka utani. Alimshika mumewe kanzu... samahani, shati, alimshika shati, akamwambia, "Baba Lea. Mlango."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mlango."

"Sema tena."

"Mlango, Mama Lea! Mimi ni mtoto?"

Na ninyi mnafikiri alisahau. Hapana, hakusahau. Sitaki kumwonea. Msimu ulipokwisha alifika mjini kwa mafundi seremala, akasimama mbele ya milango iliyoegemezwa ukutani, akaigonga kwa kidole, akauliza bei. Fundi akamwambia, "Milango ninayo. Lakini kaka, mlango atauona nani? Ukiufungua unageukia ukutani. Njoo uone hiki." Akavuta turubai. Chini yake kabati la vyombo, mbao zimepakwa vanishi, mbele vioo viwili virefu. Ndahani akajiona mle ndani, mzima, toka kofia hadi viatu. Wenzake wa lori wakamzunguka. Mmoja akasema, "Mwanaume hawezi kukata miwa nusu mwaka akashuka kijijini na ubao." Wakacheka. Ndahani naye akacheka, akanunua kabati.

Akalipakata kwenye lori siku nzima kama mtoto mgonjwa. Njia panda akalikodishia mkokoteni wa punda. Na mnajua, liliingia ndani bila taabu yoyote, maana hapakuwa na mlango wa kulizuia.

Mama Lea akalizunguka lile kabati mara mbili. "Baba Lea, na mlango uko wapi?"

Ndahani akafungua vioo. "Hii hapa. Tena miwili."

Msicheke sana. Mama Lea hakucheka.

Mwezi wa sita ukafika, Ndahani akaondoka, na kabati si redio: huwezi kulitia kichwani ukaenda nalo kisimani. Ndani yake mlipangwa vikombe, sahani na bakuli la supu lenye mfuniko, na watu walishaviona. Basi ikabidi aombwe Bibi. Bibi ni mama yake Ndahani, mjane, alikaa peke yake ng'ambo ya korongo. Kila asubuhi Mama Lea alipokwenda maji au kuni, Bibi alivuka korongo, akaweka kigoda pale penye gunia, akaketi na fimbo yake. Kuku akisogea, fimbo. Mbuzi akisogea, fimbo. Mwinjilisti alikuja kutembelea, akapigwa kwanza, jina akaulizwa baadaye.

Bibi akawa anasema, "Nilizaa mwanaume, sasa nimekuwa komeo lake." Lakini alikuja kila siku.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, Lea akaamka ana homa. Bibi alipofika, mtoto alikuwa anakakamaa, macho yamegeuka juu. Degedege. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na mwanamke mmoja hawezi kumbeba mtoto wa hali ile peke yake njia yote ile. Mama Lea akamfunga Lea mgongoni, akafika nje, akasita.

"Mama, na nyumba?"

Bibi akaliangalia gunia, akamwangalia mjukuu. "Twende."

Wakaenda. Wakapokezana mgongo kwa mgongo. Walipofika, mwuguzi hakuuliza jina wala kadi, alimpokea mtoto mikononi mwao akakimbia naye ndani. Siku mbili walikaa pale, mmoja ameketi, mmoja amesimama. Siku ya tatu Lea akaomba uji. Mnajua mama anavyosikia mtoto wake akiomba uji? Mama Lea alitoka nje akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakadhani kuna msiba.

Huku nyumbani, siku hiyohiyo ya kwanza, beberu wa jirani alikuwa amelisukuma gunia kwa kichwa akaingia. Akakohoa kidogo, akatazama, akaona mbele yake beberu mwingine, ana ndevu kama zake, anamkazia macho. Akarudi nyuma hatua moja. Yule naye akarudi nyuma. Akainamisha pembe. Yule naye akainamisha. Dharau kama ile beberu haivumilii. Kioo cha kwanza kikaenda. Akageuka, kumbe wa pili yuko pale pembeni, anamngoja.

Waliporudi walimkuta amelala juu ya mkeka, anatafuna kitambaa cha kabati, mshindi.

Mama Lea akachukua simu. Mtandao kijijini kwao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, kwa hiyo akapanda, akafungulia spika, Bibi akabaki chini na Lea amemshika mkono.

"Baba Lea, kabati limevunjika."

"Limevunjikaje?"

"Vioo. Beberu aliingia."

"Vioo vyote?"

"Vyote."

"Na vikombe?"

"Vimebaki viwili."

"Vya maua au vyeupe?"

"Vyeupe."

"Na lile bakuli la supu?"

"Mfuniko upo."

"Mfuniko bila bakuli wa kazi gani? Na redio? Huyo beberu ni wa nani? Mwambieni mwenyewe ajiandae!"

Mama Lea akamtazama Lea kule chini. Akaishusha simu. Bibi akapanda kichuguu kwa fimbo, akaichukua, akaishika juu chini, akageuziwa, akasema, "Ndahani. Mama yako hapa. Nimekuwa nasikiliza. Umeulizia vioo, vikombe, bakuli, mfuniko, redio na mbuzi wa watu. Bado mmoja."

"Bado mmoja nani, mama?"

Bibi akambonyezea kitufe chekundu. Wakateremka kichuguu, wakaenda nyumbani.

Ndahani akabaki katikati ya miwa, simu sikioni. Bado mmoja nani? Akafikiri juu ya sahani. Akafikiri juu ya birika. Halafu ikamjia: siku ile beberu alipoingia, kwa nini nyumbani hapakuwa na mtu? Mama hatoki pale. Mke hatoki. Walikuwa wapi wote? Panga likamponyoka. Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena. Huko hakuna mtu juu ya kichuguu.

Hakumaliza msimu. Alimwendea mnyapara akamwambia, "Naenda nyumbani," na mnyapara alipomtazama usoni hakumwuliza sababu. Akasafiri usiku kucha amesimama, hajui mtoto wake ni mzima au amezikwa. Ndugu zangu, hakuna hukumu ambayo mimi mchungaji ningempa ikazidi safari ile.

Asubuhi, mjini, alimpata kwa simu mjomba mmoja wa kijijini kwao, aliyekuwa amepanda kichuguu. "Lea? Nimemwona sasa hivi anakimbiza kuku. Kwani vipi?" Ndahani akaketi chini pale aliposimama. Alipofuta macho aliona kwamba ameketi mbele ya duka la seremala, na milango imeegemezwa ukutani. Hakuingia kuangalia kitu kingine. Alinunua mlango.

Njia panda hapakuwa na mkokoteni. Akautia kichwani. Jua la mwezi wa kumi mnalijua. Kila aliyekutana naye alimwuliza, "Ndahani, msimu umekwisha?" "Bado." "Na hicho?" "Mlango." "Tu?" "Tu." Alijibu hivyo mpaka kijijini, shingo imeingia mabegani.

Akafika kwake alasiri. Akasimama. Gunia halipo. Mahali pake pana mlango. Umefungwa.

Aliutazama, akazitambua mbao. Vanishi ileile, na vishikio vile vidogo vya kabati. Mama Lea na Bibi walikuwa wamemwita fundi wa kijiji, akalivunja kabati, akaunga ubavu na rafu. Akalipwa kuku wawili wa Bibi.

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Ndahani akabisha hodi nyumbani kwake.

"Nani?" Ni Lea.

"Mimi. Baba."

"Baba yupi?"

"Baba yako, mwanangu."

"Baba yangu anakuja mwezi wa kumi na mbili."

"Nimewahi."

Lea akafikiri. "Bibi amesema nisimfungulie mtu." Na Bibi alikuwa mle ndani, ameketi kitandani, kanga mdomoni asisikike anavyocheka.

Basi Ndahani akaulaza mlango wake chini, akaketi juu yake, akaegemea ule wa kabati, akaanza kuzungumza na binti yake kupitia ubaoni. Akamwuliza, uliumwa wapi? Ulichomwa sindano ngapi? Ulilia? Nani alikubeba? Lea akamweleza yote, pamoja na uji, na paka wa zahanati. Mama Lea aliporudi na ndoo alimkuta hapo, uso umelowa.

"Umeleta nini, Baba Lea?"

"Mlango."

"Tunao."

"Nauona. Sasa huu tuufanyeje?"

Hapo komeo likalia, Bibi akatoka na fimbo yake. "Utie kichwani," akasema, "unifuate."

Wakateremka korongoni, wakapanda ng'ambo, Bibi mbele, mwanawe nyuma na mlango wake. Wakafika kwa Bibi. Ndahani akataka kuutua, akainua macho. Na pale pa kuingilia, nyumbani kwa mama yake aliyemzaa, palining'inia gunia.

Lilikuwa kuukuu kuliko lake. Kila mwezi wa kumi na mbili alikuwa akija kula hapa. Aliinama, akalisukuma kwa mkono, akapita. Miaka.

"Mama, hili lilianza lini?"

"Mchwa waliula ule wa marehemu baba yako, masika matatu yaliyopita."

"Mbona hukuniambia?"

Bibi akasema, "Ulikuwa unanisimulia habari za redio."

Na mama huyu, wapendwa, aliiacha nyumba yake wazi kila asubuhi, akavuka korongo, akaketi kulinda vikombe vya mwanawe.

Nyamazeni kidogo. Naona vicheko vimekwisha.

Sisi ndio hao. Sisi hatukuja mikono mitupu, hapana, lori la juzi lilikuwa linalia kwa mzigo. Lakini ulipokuwa dukani, ulimwona nani machoni pako? Ulimwona mkeo, au uliwaona watu wa njia panda wakikutazama unavyoshuka? Tunatoa jasho la kweli, kisha tunanunua cha kuonekana. Yule anayebaki, anayelala na hofu, anayebeba mtoto wetu mgongoni, tunamrudishia kitu cha kulinda. Halafu tunashangaa hashukuru. Na hatukosi kuambiwa. Ndahani aliambiwa mbele ya lori zima. Wengine, kama Bibi yule, hawasemi kabisa, kwa sababu sisi tukifika hatufungi mdomo. Unadhani kwa Mungu mtu atajitetea kwa ukubwa wa mzigo alioshusha? Ataulizwa juu ya mmoja ambaye hakumwulizia.

Namsikia mama mchungaji anakohoa pale mbele. Kikohozi hicho nakijua. Haya, na mimi nikiri: jiko la nyumba yangu halina paa, mke wangu anapika na mwavuli, na mwaka jana mimi niliwashawishi tununue kipaza sauti, na umeme kanisani hatuna.

Kwa hiyo leo sitawaombea bado. Kila mmoja ageuke kwa yule aliyemwacha nyumbani, mke, mama, yeyote, amwulize: "Nilipokuwa sipo, ulikosa nini?" Asijitetee. Asikilize mpaka mwisho. Tutakaa humu hata jua lizame.

Mimi nateremka sasa, naanza na wa kwangu.